Bwawa la Uani: La Chakula au la Maradhi?

Korogwe na Handeni ni majirani, walakini katika jambo la maji hazifanani. Korogwe mto Pangani wapita, na mtu wa bondeni aweza kuvuta mfereji mdogo hata shambani mwake. Handeni mvua ni haba, na watu hukinga maji ya masika katika malambo. Lakini pande zote mbili, mwenye bwawa dogo nyuma ya nyumba ana kazi moja, nayo ni kulitunza. Bwawa likitunzwa hutoa kitoweo. Likiachwa, mbu wa malaria huzaana humo, na konokono wa kichocho hupata makao.

Habari hii si ngeni kwetu. Mwaka 1949 majaribio ya kwanza ya kufuga perege katika Tanganyika yalifanywa Korogwe, na Malya katika nchi ya Mwanza. Mabwawa mengi yalichimbwa, lakini baadaye yakawa hayafai, kwa ajili ya ukame na kwa kukosa matunzo mema. Yuko hata perege aliyepewa na wataalamu jina la Korogwe mwaka 1955. Basi samaki ni wa kwetu, na maji tunayo. Lililopungua ni utunzaji. Kuchimba ni kazi ya siku chache, kutunza ni kazi ya kila siku.

Watu wengi hudhani ya kuwa maji mema ya bwawa ni yale maangavu kabisa. Kwa perege sivyo. Rangi ya kijani kidogo hutokana na vijimea vidogo mno, ambavyo ni chakula chake, tena wakati wa jua hutia hewa majini. Kipimo chake ni mkono wako mwenyewe. Uzamishe polepole huku ukitazama kiganja. Kiganja kikifichika maji yafikapo kiwikoni, maji ni mazuri. Kiwiko kikizama na kiganja bado chaonekana, maji hayana chakula. Tia samadi kidogo. Kiganja kikifichika mapema, kijani kimezidi. Usitie samadi tena.

Kuzidi kwake kuna hatari gani? Usiku vijimea vile havitoi hewa, bali huivuta pamoja na samaki, hata karibu na alfajiri hewa huwa haba sana. Ukiwakuta samaki asubuhi wako juu wote, midomo nje, wakitweta, ujue wanasongwa. Acha kuwalisha siku hiyo, nawe ufungulie maji mapya. Asiye na mfereji na ateke maji ya bwawa kwa ndoo, ayamwage tena kutoka juu, yapate kuchanganyika na hewa.

Wekundu wa udongo ni jambo jingine. Tope huzuia jua, na vijimea havisitawi. Wenzetu wa Handeni, wanaokinga maji ya mvua, yawafaa kuacha majani mazito katika njia ya maji, ili tope libaki humo. Wala ng'ombe na mbuzi wasishuke bwawani, maana kwato zao huvuruga udongo na kubomoa kingo.

Sasa kazi za kila juma, ambazo baba, mama na watoto waweza kugawana.

Kwanza, kateni majani ya kingoni na kuondoa magugu majini. Samaki hula viluwiluwi vya mbu, lakini hawawezi kuvifikia ndani ya magugu. Na konokono nao hupenda kujificha humo.

Pili, lisheni pumba mahali pamoja, kwa saa ile ile. Chakula kikibaki baada ya robo saa, kesho kipunguzwe, kwa kuwa mabaki huoza chini na kuharibu maji.

Tatu, choo kiwe mbali, wala mtu asikojoe majini. Mayai ya kichocho hutoka kwa mgonjwa, wadudu wake hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya mtu aliye majini. Kwa hiyo bwawa si mahali pa kuoga. Tena lizungushieni ua, maana mtoto mchanga hahitaji maji ya kina ili azame.

Nne, angalieni wingi. Vifaranga wawili kwa kila mita moja ya mraba watosha. Perege huzaa upesi, na wakisongamana hudumaa. Vueni mara kwa mara; wengine hutia kambale wachache ili wale vifaranga waliozidi.

Baada ya miezi sita hivi, vueni wote, mkaushe bwawa hata tope la chini lipasuke kwa jua. Tope lile lichukuliwe bustanini, ni mbolea njema kwa mchicha na migomba. Lakini Handeni, msikaushe kabla ya kuwa na hakika ya mvua.

Nanyi walimu, bwawa la shule laweza kufundisha mengi: hesabu ya samaki, habari za mimea, na njia ya malaria na kichocho. Mtoto aliyejifunza kulipima bwawa kwa mkono wake atakwenda kulipima la nyumbani pia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na asiyekata majani ya kingoni juma hili, juma lijalo atawasikia mbu chumbani mwake.