Marekani: Watoto wanacheza soka, wazazi ndio wanaolipa

Ijumaa jioni, kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi Novemba, miji mingi midogo ya jimbo la Texas nchini Marekani huwa na safari moja tu. Baba, mama, babu, bibi na wachanga waliofungwa blanketi wote wanaelekea kiwanja cha shule ya sekondari. Taa kubwa zimewashwa, bendi ya wanafunzi inapiga, wasichana wa kushangilia wamejipanga mstari. Wanaenda kutazama futiboli ya Kimarekani, ule mchezo wa kofia ngumu, mabega yaliyowekwa kinga na mpira wenye umbo la yai, ambao mguu huugusa mara chache sana.

Mwaka 2016 familia ya Bernard Kamungo ilifika katika mji wa namna hiyo, Abilene. Kijana alikuwa na miaka 14. Alizaliwa na kukulia katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kasulu mkoani Kigoma, kwa wazazi waliotoka Congo. Mpira aliokulia nao ni ule ambao mzazi yeyote wa huku ameushika mkononi: matambara na mifuko ya plastiki, kamba juu yake, kazi imekwisha.

Kwa mtoto aliyetoka mahali ambapo soka ndiyo mchezo na mingine yote ni ya ziada, Texas ni kama kuingia nyumba ambayo samani zote zimeshapangwa. Soka ya shule ipo, lakini msimu wake huanza Januari, kwenye baridi, baada ya futiboli kumaliza mambo yake. Mara nyingi inachezwa kwenye kiwanja kilekile, na mistari ya futiboli bado inaonekana chini.

Nafasi zilikuwa zimejaa

Wengi huku hudhani Wamarekani hawaipendi soka kwa sababu hawaijui. Si kweli. Mchezo uliwafikia mapema kama ulivyotufikia sisi, ila ulikuta viti vimekaliwa.

Miaka ya 1870 vyuo vikuu vyao vikubwa, Harvard akiwa mbele, vilichagua mchezo wa kubeba mpira kwa mikono badala ya ule wa kupiga kwa miguu. Hapo ndipo ilipozaliwa futiboli yao, nayo ikachukua majira ya kupukutika majani. Besiboli ilikuwa tayari imeshika majira ya joto. Mwaka 1891 mwalimu mmoja, James Naismith, akabuni mpira wa kikapu huko Springfield, Massachusetts, ili vijana wapate cha kucheza ndani wakati wa baridi. Kalenda ikajaa.

Soka ikabaki kwa wahamiaji wa viwandani, Waskoti, Waingereza, Wareno na Wajerumani, na watoto wao waliposoma na kutaka kuonekana Wamarekani kamili, wakaenda kucheza besiboli. Timu ya taifa ilifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kwanza mwaka 1930, na mwaka 1950 ikaifunga England 1-0 nchini Brazil. Bao lilifungwa na Joe Gaetjens, kijana wa Haiti aliyekuwa akisoma New York huku akiosha vyombo mgahawani. Taifa kubwa limefanya maajabu, na nyumbani karibu hakuna aliyejali.

Televisheni nayo haikusaidia. Chakula cha televisheni ya Marekani ni matangazo ya biashara, na michezo yao mikubwa husimama kila baada ya dakika chache. Soka hukimbia dakika 45 bila kupumua. Mwaka 1967, mechi zilipoanza kuonyeshwa nchi nzima, mwamuzi mmoja alikiri kwamba faulo 11 kati ya 21 alizopuliza siku hiyo zilikuwa za kuipa stesheni muda wa kurusha matangazo. Ligi ya sasa ilipoanza mwaka 1996 ilijaribu njia nyingine ya kuwapendeza watazamaji. Sare ilikataliwa, na mechi ikiisha bila mshindi mchezaji alianza mbio na mpira yadi 35 kutoka golini, akiwa na sekunde tano za kumkabili kipa. Mashabiki wa soka walichekwa na wenzao wa nchi nyingine, wasiopenda soka hawakuvutiwa, na baada ya msimu wa 1999 mambo hayo yakafutwa.

Kati ya miaka hiyo miwili alipita Pelé. Alijiunga na New York Cosmos mwaka 1975, viwanja vikajaa, akaondoka mwaka 1977, na ligi ile ikacheza msimu wake wa mwisho mwaka 1984. Mgeni alipoondoka, karamu nayo ikaisha.

Mama ndiye aliyeubeba mchezo

Kilichobaki baada ya Pelé walikuwa watoto. Mwaka 1964, huko Torrance, California, lilianzishwa shirika la soka ya watoto, AYSO, lenye kanuni ambayo makocha wengi wa huku wangeitilia shaka: kila mtoto aliyeandikishwa lazima acheze angalau nusu ya mechi. Awe mzuri au mbovu, mnene au mwembamba, anaingia.

Wazazi waliipenda kanuni hiyo. Futiboli inataka mwili mkubwa na vifaa ghali, na inavunja watu. Kikapu kinataka urefu. Soka ilitaka kaptura, soksi na jozi ya viatu. Jumamosi asubuhi vitongoji vya wenye uwezo vikajaa magari ya familia, mama usukani, watoto watano nyuma, machungwa yaliyokatwa ndani ya chombo. Kufikia uchaguzi wa rais wa mwaka 1996 wanasiasa walikuwa wakiwazungumzia "akina mama wa soka" kama kundi la wapigakura la kubembelezwa. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki ambako soka ingeweza kuhusishwa na mama kiasi hicho.

Wasichana ndio walionufaika zaidi. Sheria ya mwaka 1972, ijulikanayo kama Title IX, ilikataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, na michezo ya shule na vyuo ikaingia humo. Vyuo vilivyokuwa na kikosi kikubwa cha wavulana wa futiboli vilihitaji mchezo wenye wachezaji wengi kwa ajili ya wasichana, na soka ikafaa. Matokeo yake yanajulikana: Kombe la Dunia la wanawake mara nne, 1991, 1999, 2015 na 2019. Fainali ya 1999 dhidi ya China, iliyoamuliwa kwa penalti, ilitazamwa na watu 90,185 ndani ya uwanja wa Rose Bowl. Mwaka 2022 wanawake hao wakapata makubaliano ya kulipwa sawa na timu ya wanaume.

Kwa mzazi wa huku ambaye bado anamwambia binti yake mpira si wa kike, habari hiyo ina uzito kuliko hotuba yoyote.

Ada inapoanza kuchagua

Tatizo huanza mtoto anapofika miaka tisa au kumi na kuonyesha kipaji. Huku kwetu mtoto wa chandimu akiwa mzuri, klabu inamtafuta. Kule mzazi ndiye anayeitafuta klabu, na anailipa. Klabu za ushindani za vijana huendeshwa kwa ada. Ukijumlisha ada yenyewe, jezi, mashindano ya majimbo mengine, hoteli na tiketi za ndege, familia inaweza kutoa maelfu ya dola kwa mwaka kwa mtoto mmoja.

Mchezo uliosifiwa kwa kuhitaji mpira tu ukageuka mchezo wa wenye nacho. Watoto wa wahamiaji kutoka Mexico, El Salvador, Somalia au Burundi hucheza Jumapili katika viwanja vya wazi, na wasaka vipaji kwa miaka mingi wameelekea kwenye mashindano ya kulipia, mbali na viwanja hivyo. Jioni ya Oktoba 10, 2017, timu ya wanaume ilipofungwa 2-1 na Trinidad na Tobago na kukosa Kombe la Dunia la 2018, mjadala wa ada ulilipuka. Nchi yenye watoto wote wale inashindwa na kisiwa?

Kuna yaliyorekebishwa. Klabu za ligi kuu zimejenga vituo vya vijana, na vingi havitozi ada. Lakini viko karibu na miji mikubwa, na mama anayefanya kazi ya zamu kwenye kiwanda cha nyama hawezi kumpeleka mtoto mazoezini mara nne kwa wiki kilomita themanini kutoka nyumbani, hata kama ni bure.

Ada ina madhara mengine yasiyoonekana kwenye risiti. Mzazi aliyelipa sana hutaka kuona matunda, na mtoto wa miaka minane anajikuta akicheza mchezo mmoja mwaka mzima. Chama cha madaktari wa watoto wa Marekani, AAP, kilitoa mwongozo mwaka 2016: mtoto asijifunge kwenye mchezo mmoja kabla ya miaka 15 au 16, na apumzike mchezo wake kwa jumla ya angalau miezi mitatu kwa mwaka, mwezi mmoja mmoja ikibidi. Sababu walizotaja ni majeraha ya kujirudia na kuchoshwa na mchezo hadi kuuacha.

Mwongozo mwingine ulisukumwa na wazazi wenyewe. Baada ya baadhi yao kwenda mahakamani mwaka 2014 kuhusu mitikisiko ya ubongo, shirikisho la soka la Marekani lilitangaza mwaka uliofuata kwamba watoto wa miaka 10 na chini wasipige mpira kwa kichwa kabisa, na wa miaka 11 hadi 13 wapige kwa kiasi tu mazoezini. Katika viwanja vyetu vya mtaani mtoto wa miaka saba anapongezwa kwa kichwa kizuri, na mpira ukilowa mvua unakuwa mzito kama jiwe. Jambo hili lingefaa kuzungumzwa na kocha wa mtaa hata kabla ya TFF au FKF kuandika chochote.

Kutoka Nyarugusu hadi mbele ya Messi

Leo viwanja vya ligi ya Marekani havina aibu tena. Timu zilizoanza zikiwa 10 mwaka 1996 zilifika 30 mwaka 2025. Lionel Messi alihamia Inter Miami Julai 2023, na Kombe la Dunia la 2026, la kwanza lenye timu 48, lilipewa Marekani, Canada na Mexico kwa pamoja. Futiboli bado ndiyo mfalme. Ila watoto wale wa magari ya familia sasa ni wazazi, nao wanakaa na watoto wao kutazama soka sebuleni, jambo ambalo baba zao hawakulifanya.

Kamungo alichezea shule yake Abilene. Mji huo hauna klabu ya ligi kuu; Dallas ni mwendo wa takriban saa tatu kwa gari, na familia iliyotoka kambini haikuwa na maelfu ya dola za kuzungukia mashindano. Mwaka 2021 kaka yake alimwandikisha kwenye majaribio ya wazi ya North Texas, timu ya pili ya FC Dallas. Vijana wengi hujitokeza siku kama hizo na karibu wote hurudi nyumbani. Yeye alipewa mkataba.

Agosti 6, 2023, FC Dallas ilimkaribisha Messi mjini Frisco. Ubao ulikuwa 1-1 na mapumziko yanakaribia Kamungo alipofunga bao la pili la wenyeji. Mechi iliisha 4-4 na Miami ikashinda kwa penalti. Miezi michache baadaye, mwanzoni mwa 2024, mtoto wa Nyarugusu aliitwa timu ya taifa ya Marekani.