NYONGA MBILI, MGONJWA MMOJA

Katika maradhi yanayowataabisha watu wa visiwa vyetu, yapo yasiyozungumzwa sana kwa kuwa hayaui. Yabisi ya nyonga ni mojawapo. Mtu huanza kwa kuchechemea, akapakwa mafuta ya karafuu, akakandwa, akaambiwa ni uzee. Baada ya miaka michache hawezi kuchutama chooni, hawezi kukaa tahiyatu katika sala, wala hawezi kupanda daladala bila ya kushikwa mkono. Na zikiharibika nyonga zote mbili, taabu yake si ya kuzidisha kwa mbili tu. Mwenye nyonga moja mbovu huegemea mguu ulio mzima na kushika bakora kwa mkono wa upande huo. Huyu wa nyonga mbili aegemee wapi?

Yafaa ieleweke jinsi mambo yalivyo. Kichwa cha mfupa wa paja ni mviringo, nacho huzunguka ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga, na baina yao pana gegedu laini. Gegedu hiyo ikilika, mfupa husaga mfupa. Wengi hupatwa na hali hii wakiwa watu wazima, lakini tusidhani kuwa ni maradhi ya wazee peke yao. Selimundu, ambayo imo katika damu ya familia zetu nyingi, huziba mishipa midogo inayolisha kichwa cha paja; mfupa ukikosa damu hufa na kubonyea, na mara nyingi hutokea pande zote mbili. Ndiyo maana kijana asiyefika miaka 30 huweza kutembea kama babu yake, na jamaa wakashughulika kutafuta nani kamroga.

Tiba ipo, na wala si ngeni. Daktari John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alihangaika miaka mingi na jambo hili. Vikombe vyake vya mwanzo, vya plastiki ya aina ya teflon, vililika upesi, ikambidi awafungue tena wagonjwa wake na kuvitoa. Mwezi wa Novemba 1962 akaanza kutumia kikombe cha plastiki ngumu zaidi pamoja na kichwa kidogo cha chuma, vyote vikishikizwa kwa saruji maalumu ya mifupa. Njia za leo nyingi zimetokana na hiyo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2019, uliokusanya habari za nchi kadhaa, ulionyesha kuwa nyonga bandia kama 58 katika kila 100 hudumu miaka 25.

Charnley huyo huyo aliwagawa wagonjwa wake katika makundi matatu: wenye nyonga moja mbovu, wenye nyonga mbili, na wale ambao maradhi mengine pia huwazuia kutembea. Alijua kuwa ukimtengenezea mtu nyonga moja na kuiacha ya pili, hutaweza kupima vyema faida ya kazi yako, maana mguu ulioachwa utaendelea kumfunga. Nyonga iliyokunjika na kukakamaa huuzuia hata ule mguu mpya usifanye mazoezi sawasawa.

Hapa ndipo penye uamuzi mzito. Madaktari huweza kuzibadilisha nyonga zote mbili katika siku moja, au kuanza na ile yenye maumivu zaidi na kungoja miezi kadhaa. Njia ya kwanza ina dawa moja ya usingizi na muda mmoja wa kupona. Lakini damu nyingi zaidi hupotea, na mwenye moyo au mapafu dhaifu haifai kujaribiwa hivyo. Njia ya pili ni ya taratibu zaidi kwa mwili. Kwa mfuko ni jambo jingine. Mtu wa Micheweni anayepelekwa Taasisi ya Mifupa Muhimbili, Dar es Salaam, huvuka bahari na jamaa wa kumuuguza, hutafuta pa kulala, huacha shamba au mwani wake. Akiambiwa arudi kwa mguu wa pili, yote hayo huanza upya, na wapo watakaobaki na mguu mmoja mpya na mmoja wa zamani hadi mwisho wa maisha yao.

Kwa hiyo tunawaambia waziwazi wahusika wa serikali: mgonjwa wa namna hii ni mmoja, na faili lake liwe moja. Siku anapoidhinishiwa safari kwa nyonga ya kwanza, ya pili nayo ihesabiwe, pamoja na marejeo ya kuangaliwa na mazoezi ya viungo karibu na kwake. Kuchagua siku moja au mbili ni kazi ya daktari na mgonjwa wenyewe. Nauli isiwe ndiyo inayoamua. Na mgonjwa haulizwi uji: asingojwe mpaka atambae ndipo barua iandikwe, kwani misuli iliyokwisha kunyauka hukawia kurudi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Jamaa wachangie damu mapema. Mgonjwa atibiwe meno mabovu na vidonda vya ngozi kabla ya kusafiri, kwa kuwa vijidudu vikiingia katika nyonga bandia ni balaa. Sukari iteremshwe, sigara iachwe. Nyumba nayo itengenezwe, jambo ambalo husahauliwa kuliko yote. Katika wiki za mwanzo mgonjwa huweza kukatazwa kuikunja nyonga kupita kipembe cha mraba, isije ikachomoka. Basi choo cha kuchutama hakimfai, wala kigoda, wala mbuzi ya kukunia nazi. Atahitaji choo cha kukaa, kiti kirefu chenye mikono, na kiti kingine cha kusalia. Fundi seremala wa mtaani huvitengeneza viti hivyo kwa siku mbili, na masheha wanaweza kuhakikisha vipo kabla mgonjwa hajashuka bandarini.