Kilima Huumiza Wakati wa Kuteremka

Hapa kwetu Mbulu habari za mbio si ngeni. John Stephen Akhwari alitoka huku huku. Mwaka 1968, kule Mexico City, alimaliza marathoni akiwa wa mwisho, mguu umefungwa bendeji, kwa sababu alikuwa ameanguka njiani. Siku hizi vijana wa klabu ya mbio hukusanyika saa kumi na moja jioni na kupanda kilima, na baadhi ya akina baba na akina mama wameanza kuwafuata. Ni jambo jema. Mazoezi ya mara kwa mara husaidia kupunguza shinikizo la damu na sukari mwilini. Lakini wengi hudhani kwamba kazi ngumu ni kupanda tu, na kwamba kuteremka ni kupumzika. Sivyo.

Unapopanda, moyo hudunda na pumzi hukatika, kwa hiyo mwili wenyewe hukulazimisha kupunguza mwendo. Unapoteremka pumzi ni nzuri, nawe unajiona kijana. Kumbe misuli ya mbele ya paja inafanya kazi ya breki: inajikaza na huku inavutwa. Nyuzi zake huchanika kidogo kidogo bila wewe kuhisi. Maumivu huanza kesho yake na kuzidi siku ya pili au ya tatu.

Ndivyo ilivyompata baba mmoja aliyeletwa kwetu akiwa ameshikiliwa na wanawe wawili. Alikuwa hajakimbia tangu alipomaliza shule. Siku ya kwanza tu alishindana na vijana kuteremka kilima chote. Usiku akameza diklofenaki za dukani, asubuhi akameza nyingine, na maji alikunywa kidogo. Siku ya tatu hakuweza kuchuchumaa chooni, na mkojo wake ulikuwa kama chai ya rangi iliyokolea. Hiyo si damu ya kawaida. Misuli ikiharibika sana, rangi iliyomo ndani yake huingia katika damu na kwenda kuumiza figo. Na dawa kama diklofenaki, mtu akiwa hana maji ya kutosha mwilini, huziongezea figo mzigo. Tulimtundikia dripu siku kadhaa, akapona. Angechelewa nyumbani kwa kuona haya, sijui tungesema nini leo.

Kwa hiyo anayeanza apande kwa kutembea na ateremke kwa kutembea, majuma mawili matatu ya kwanza. Halafu akimbie kipande kifupi cha mteremko, hatua fupi fupi, magoti yakikunjwa kidogo, na siku inayofuata apumzike. Misuli huzoea upesi kuliko tunavyodhani. Kipimo cha kupanda ni rahisi: ukiweza kuzungumza na mwenzako, mwendo ni mzuri, ukishindwa kusema hata neno, punguza. (Wanaume hawapendi kipimo hiki, akina mama hawana shida nacho.)

Aliyezidi miaka 40, au mwenye presha, kisukari au ugonjwa wa moyo, afike kwanza kituo cha afya apimwe. Kifua kikibana, au maumivu yakienda mkononi au kwenye taya, asimame hapo hapo na apelekwe hospitali jioni ile ile, asingoje kukuche. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta mfukoni. Nimeshaona ikiachwa juu ya kabati.

Tena kuna giza. Kwetu jua likishazama giza huingia upesi, na mawe ya njiani hayaonekani; vifundo vingi tunavyovifunga bendeji huteguka saa hizo. Mpange kugeuka juu kilimani mapema, ili mteremko wote muumalize kabla ya saa kumi na mbili na nusu, na mmoja wenu abebe tochi yenye betri nzima.