Kwa Nini Kagera Hukata Kona Kaskazini mwa Kaisho

Ukitoka vilima vya Kaisho, Tanzania, kwenda magharibi utaukuta Mto Kagera, na ng'ambo yake ni Rwanda. Ukienda kaskazini hadi Murongo utaukuta tena, safari hii ng'ambo ni Uganda. Ni mto uleule. Huja kutoka kusini, lakini ukifika zinapokutana nchi hizo tatu huacha njia ya kaskazini na kushika ya mashariki.

Kona hiyo ina historia ndefu kuliko mipaka yote. Kabla Ziwa Victoria halijakuwapo, mito ya ukanda huu ilitiririka kuelekea magharibi, liliko Bonde la Ufa. Kisha ardhi ya kandokando ya bonde hilo ikaanza kuinuka, polepole mno, kwa maelfu kwa maelfu ya miaka. Maji hayapandi mlima. Yalirudi yalikotoka, yakatuama katikati ya nyanda za juu, na hapo ndipo ziwa lilipozaliwa. Mito Katonga na Kafu ya Uganda iligeuzwa vivyo hivyo. Kagera nao, unaobeba maji ya Ruvubu kutoka Burundi na Nyabarongo kutoka Rwanda, ukajikuta hauna tena njia ya magharibi, ukafuata mwinamo mpya wa mashariki.

Kabla ya kona, magharibi mwa Karagwe na Kyerwa, bonde ni bapa na mto umezagaa katikati ya maziwa madogo na matindiga ya mafunjo. Wengi huyaona matindiga hayo kama ardhi iliyolala bure. Sikubaliani nao hata kidogo. Mafunjo hupunguza kasi ya mafuriko, hunasa tope linaloshuka kutoka mashamba ya milimani, na huyaachia maji kidogo kidogo hadi kiangazi. Anayekausha tindiga ili alime anamnyang'anya maji mwenzake aliye chini ya mto.

Murongo mambo hubadilika. Mto huteremka kwa kasi juu ya miamba, na ndiyo sababu kituo cha umeme cha megawati 14 kimejengwa hapo, upande wa pili ukiwa Kikagati. Tanzania na Uganda hugawana umeme wake.

Mbele zaidi mto huingia Missenyi. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa mwaka 1890 uliweka mpaka kwenye nyuzi 1 kusini mwa ikweta, mstari ulionyooka usiojali mto unapita wapi. Kwa hiyo kipande cha Tanzania kikabaki ng'ambo, kaskazini mwa Kagera. Ndicho alichokivamia Idi Amin mwaka 1978, na majeshi yake yakalivunja daraja la Kyaka, kiungo kikuu cha kipande hicho na sehemu nyingine ya nchi.

Baada ya Kyaka mto hupinda tena kuelekea kaskazini, huuvuka mstari huo na kumwaga maji yake ziwani ndani ya Uganda. Hakuna mto mwingine unaoliingizia Ziwa Victoria maji mengi kuuzidi.