Bop Ulifikaje Pale?

Wachezaji wa Kerbal Space Program hapa chuoni tuko wachache ila tuna kelele. Tunajaza korido ya hosteli kwa ubishi wa mafuta na injini, na mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili ameshatangaza kwamba mtu akifika Jool na kurudi salama, kozi ya mwendo wa vyombo vya anga haina jipya la kumfundisha. Kwa wanaoamini hivyo nina swali moja tu: Bop ulifikaje pale?

Kwa ambaye hajawahi kucheza: gemu hili lilianza kupatikana mwaka 2011, likitengenezwa Mexico na kampuni ya Squad. Unaunda roketi, unairusha, halafu sheria za Newton zinakuhukumu. Jool ni sayari yake kubwa ya gesi, ya kijani, kama binamu wa Mshtarii. Ina miezi mitano. Mitatu ya ndani, Laythe, Vall na Tylo, ni mviringo kama mipira na inazunguka kwa nidhamu, karibu duara kamili. Bop hauna nidhamu hiyo. Kutoka katikati hadi usoni ni kilomita 65 hivi, umekaa kama kiazi kilichochimbwa vibaya, na una mlima unaozidi kilomita 21. Njia yake imeinama nyuzi 15 na imevutika: kuna wakati uko kilomita 98,000 hivi kutoka Jool, kuna wakati unafika karibu 159,000.

Nyuzi 15 unaweza kuziona kidogo mpaka ulipe bili yake. Bop unatembea kwa kasi ya kama mita 1,480 kwa sekunde. Chombo kinachozunguka Jool kwa umbali huo bila mwinamo, kikitaka kulala sambamba nao, kinatakiwa kubadili kasi kwa karibu mita 390 kwa sekunde. Kuruka kutoka kwenye ardhi ya Bop na kuuacha kabisa kunataka mita 277 tu. Yaani kupinda njia ni ghali kuliko kuondoka kwenye mwezi mzima. Ndiyo maana wazoefu hukata kona wakiwa mbali, ambako kasi ni ndogo. Hapo gemu linafundisha vizuri kuliko ubao wowote niliowahi kukaa mbele yake, na silitanii.

Miezi ya tabia hii ipo kweli. Phoebe wa Zohali una upana wa kilomita 213 hivi, uko umbali wa karibu kilomita milioni 13 kutoka sayari yake, na unazunguka kinyumenyume, kwa siku kama 550 kila mzunguko. William Pickering aliutangaza mwaka 1899 baada ya kuuona kwenye picha zilizopigwa Arequipa, Peru. Ulikuwa mwezi wa kwanza kugunduliwa kwa picha. Cassini ilipita karibu nao tarehe 11 Juni 2004. Miezi ya namna hii haikuzaliwa pamoja na sayari zake. Ilikuwa inapita zake kulizunguka Jua, ikanaswa.

Na Bop una kila dalili ya kunaswa: umbo, mwinamo, njia iliyovutika. Sasa jaribu kuunasa ndani ya gemu, bila injini.

Gemu linagawa anga kwa mipaka. Ukiwa ndani ya mpaka wa Jool, ni Jool peke yake inayokuvuta. Jua linasahaulika papo hapo, kama mtu aliyezima simu. Jiwe likiingia kutoka nje linaongeza kasi likishuka, linaipoteza likipanda, na kwenye mpaka linatoka na kasi ileile liliyoingia nayo. Halibaki. Litabaki tu kama kuna kitu kimelipunguzia nishati.

Mjuaji atasema: Tylo! Kweli, ukipita mbele ya Tylo kwa mahesabu mazuri, unakupunguzia kasi na Jool inakushika bila kuchoma tone la mafuta. Wengi tumefanya hivyo. Lakini njia utakayobaki nayo lazima irudi pale mlipokutana. Tylo uko kilomita 68,500 kutoka Jool, na Bop hausogei ndani ya 98,000. Hawajawahi kukutana. Isitoshe, ndani ya gemu miezi imewekwa kwenye reli. Hakuna kinachoweza kuisogeza hata sentimita, leo wala miaka elfu ijayo. Bop ulifika pale kwa sababu mtu aliandika namba kwenye faili. (Huko Bop kuna mzoga wa Kraken, dude ambalo wachezaji hulilaumu kila fizikia ya gemu inaporarua chombo chao. Limekufia mahali panapolifaa.)

Kwenye ulimwengu halisi wote wanavuta kwa pamoja. Jua linaweza kulegeza mlango wa sayari, jiwe likaingia kwa muda. Ili likae moja kwa moja, kuna maelezo kadhaa: hewa nzito iliyoizunguka sayari changa ililipunguza, au lilikuja likiwa na pacha wake, pacha akatupwa nje na nishati, lenyewe likabaki. Maelezo haya ya pacha yametumika sana kwa Triton wa Neptuni. Au sayari kubwa zilipitana karibu enzi za mwanzo, na mawe yaliyokuwa jirani yakabadilishiwa njia.

Ukiweka nyongeza ya Principia, inayoacha kila kitu kivute kila kitu, mfumo wa Jool kama ulivyo unasambaratika. Sababu ni Tylo: uzito wake ni sehemu moja ya mia ya Jool, kiasi ambacho hakuna mwezi wa Mshtarii unaokikaribia. Waundaji wa Principia walilazimika kuupanga upya, na Bop wakaugeuza uzunguke kinyume, kama Phoebe. Fikiria daladala mbili. Zikikimbizana upande mmoja zinakaa ubavu kwa ubavu muda mrefu, zinasukumana. Zikipishana, ni sekunde tu.

Wapo watakaosema haya ni ya Jool, hayatuhusu. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, iliwekwa kwenye njia inayopita juu ya mahali kwa saa ileile ya jua. Njia hiyo ipo kwa sababu Dunia imevimba kiunoni, na uvimbe huo huigeuza njia karibu nyuzi moja kwa siku. Gemu lenyewe, bila nyongeza, halina uvimbe. Anayetaka kubuni setilaiti ya kupiga picha mashamba yetu kwa kutegemea Kerbal peke yake hataiona njia hiyo hata acheze mpaka UE.

Kwa watakaoweka Principia: kuufikia Bop uliogeuzwa si ghali mkipanga mapema. Chagueni upande wa Jool wa kupitia mkiwa bado mbali sana, injini itakohoa kidogo tu. Mkisubiri hadi mko ndani mnazunguka na miezi mingine, kugeuka kutawagharimu karibu mita 3,000 kwa sekunde.