Jiandae kwa Safari Ndefu ya Baiskeli



Mwaka 1978, huko Hawaii, Marekani, watu 15 walianza shindano gumu. Waliogelea kilomita 3.8, wakaendesha baiskeli kilomita 180, kisha wakakimbia kilomita 42. Watu 12 walimaliza. Safari kama hiyo haitaki nguvu tu. Inataka mazoezi.

Wewe je? Kutoka Tarime hadi Mugumu ni zaidi ya kilomita 80. Usikurupuke. Anza na kilomita 10. Kesho yake pumzika. Kila wiki ongeza kidogo. Mwili huzoea polepole.

Kagua baiskeli yako: breki, mnyororo, spoki na matairi. Tarime iko juu, Mto Mara uko chini. Breki mbovu kwenye mteremko huua. Ukishavuka mto, utapanda tena. Bakiza nguvu. Beba pampu na viraka.

Chemsha maji, yapoe, uyabebe. Kunywa kidogo kidogo. Usingoje kiu. Kula viazi vitamu au ndizi. Ukiona kizunguzungu, shuka, ukae kivulini.

Na kuogelea? Usijifunzie Mto Mara. Una mamba na viboko.

Kumbuka: haraka haraka haina baraka.