Kutoka Bikini hadi Runit: Miaka 12 ya Majaribio ya Nyuklia, Madhara ya Vizazi

Na Mwandishi Wetu

Agosti 29 ya kila mwaka, Umoja wa Mataifa huadhimisha Siku ya Kimataifa ya Kupinga Majaribio ya Nyuklia. Kwa wananchi wa Jamhuri ya Visiwa vya Marshall, nchi ya visiwa vidogo vya matumbawe katika Bahari ya Pasifiki, siku yenye uzito zaidi ni Machi 1, wanapowakumbuka waathirika wa majaribio hayo nchini mwao. Kati ya mwaka 1946 na 1958, Marekani ilifanya majaribio 67 ya silaha za nyuklia huko, hususan katika maeneo ya Bikini na Enewetak.

Makala haya yanaeleza jinsi majaribio hayo yalivyofanyika na sababu ya madhara yake kuendelea hadi leo.

Kuhama "kwa muda"

Februari 1946, miezi sita baada ya Hiroshima na Nagasaki kushambuliwa, afisa wa Jeshi la Majini la Marekani aliyekuwa gavana wa visiwa hivyo, Ben Wyatt, alikutana na wakazi wa Bikini baada ya ibada ya Jumapili. Aliwaomba wahame kwa muda ili silaha mpya ijaribiwe kwa manufaa ya wanadamu wote. Mwezi uliofuata, watu 167 walisafirishwa kwa meli hadi Rongerik.

Rongerik haikuwa na chakula cha kuwatosha. Kufikia mwaka 1948 walikuwa wamedhoofu kwa njaa, wakahamishiwa Kwajalein kwa miezi kadhaa, kisha Kili, kisiwa kimoja kinachopigwa na mawimbi, kisicho na maji tulivu ya ndani ambamo walizoea kuvua.

Mlipuko wa Bravo

Alfajiri ya Machi 1, 1954, bomu la haidrojeni lililopewa jina la Bravo lililipuliwa Bikini. Nguvu yake ilikuwa sawa na tani milioni 15 za baruti ya TNT, takribani mara 1,000 ya bomu la Hiroshima, na zaidi ya mara mbili ya makadirio ya wataalamu. Chanzo cha kosa hilo ni aina ya madini ya lithiamu ambayo wataalamu walidhani haitachangia mlipuko, kumbe ilichangia.

Mlipuko ulisaga matumbawe na kuyarusha angani, yakarudi chini yakiwa vumbi jeupe lenye mionzi. Vumbi hilo lilianguka Rongelap, takribani kilomita 150 kutoka Bikini, ambako watoto walilichezea. Wakazi walianza kutapika na kuungua ngozi, na baadaye nywele zao zikanyonyoka. Waliondolewa baada ya siku mbili. Aidha, vumbi hilo liliwafikia wavuvi 23 wa meli ya Japani, Daigo Fukuryu Maru, na mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alifariki dunia Septemba mwaka huo. Katika miaka iliyofuata, watu wengi wa Rongelap, hasa waliokuwa watoto siku ile, walipata magonjwa ya tezi ya shingo, ikiwemo saratani.

Malalamiko Umoja wa Mataifa

Ikumbukwe kuwa visiwa hivyo vilikuwa chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, vikisimamiwa na Marekani, kama Tanganyika ilivyokuwa ikisimamiwa na Uingereza. Wameru walioondolewa katika ardhi yao ya Engare Nanyuki mwaka 1951 walimtuma Kirilo Japhet kupeleka malalamiko Umoja wa Mataifa mwaka 1952. Vivyo hivyo, Aprili 1954 wananchi wa Visiwa vya Marshall waliwasilisha ombi kwa umoja huo wakitaka majaribio yakomeshwe. Hata hivyo, majaribio yaliendelea hadi mwaka 1958.

Sumu katika nazi

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ya Marekani ilitangaza kuwa Bikini ni salama, na baadhi ya familia zikarejea. Mwaka 1978 ziliondolewa tena baada ya vipimo kuonesha kiwango kikubwa cha seziamu katika miili yao. Sababu ilikuwa chakula. Udongo wa matumbawe una upungufu wa potasiamu, kirutubisho ambacho mnazi huhitaji. Seziamu hufanana na potasiamu kikemia, hivyo mnazi huifyonza na kuipeleka kwenye nazi, na mlaji huipokea. Huchukua takribani miaka 30 kwa mionzi yake kupungua kwa nusu.

Katika kisiwa cha Runit, Enewetak, udongo na mabaki yenye mionzi yalimwagwa kwenye shimo lililoachwa na mlipuko wa mwaka 1958, kisha kufunikwa kwa zege mwaka 1979 na 1980. Sehemu ya chini haikuwekewa sakafu ya kuzuia maji ya bahari. Miongoni mwa vilivyozikwa humo ni plutoniamu, ambayo mionzi yake hupungua kwa nusu baada ya takribani miaka 24,000.

Fidia na mikataba

Makubaliano ya mwaka 1986 yaliweka mfuko wa fidia wa dola milioni 150 za Marekani. Mahakama maalumu ya madai iliamua waathirika walipwe zaidi ya dola bilioni 2, lakini mfuko ulikwisha na sehemu kubwa haijalipwa. Msimamo wa Marekani ni kuwa makubaliano hayo yalihitimisha madai yote.

Bara la Afrika nalo liliguswa: Februari 13, 1960, Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza la nyuklia katika Jangwa la Sahara, nchini Algeria. Kupitia Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika Julai 15, 2009, nchi za Afrika zimekubaliana kulifanya bara hili kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia. Vilevile, kisa cha nazi za Bikini kinaonesha umuhimu wa kupima mionzi katika vyakula, kazi ambayo hapa nchini hufanywa na Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania (TAEC).

Watu 167 waliondoka Bikini mwaka 1946 wakiahidiwa kuwa watarudi. Hadi sasa, kisiwa hicho hakina makazi ya kudumu ya wenyeji wake.